Jina la ugonjwa kabla ya jina la dawa: historia ya kusoma vinasaba vya mihogo na mahindi yetu



Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni hili: "Dawa yake ni ipi?" Mtu ameshika jani lenye mabaka na anataka jina la dawa ili apitie duka la pembejeo kabla halijafungwa. Ni swali la haki. Ila kabla ya jina la dawa kuna jina la ugonjwa, na ukikosea hilo la kwanza, la pili litakula pesa yako bure. Mahindi yaliyogeuka manjano yanaweza kuwa yamekosa mbolea, yanaweza kuwa yamepigwa na ukame, na yanaweza kuwa na virusi. Kwa tatizo la kwanza unaweka mbolea. Kwa la pili unasubiri mvua. Kwa la tatu hakuna dawa ya kupulizia itakayoponya mmea, na kila chupa unayonunua ni hasara juu ya hasara.

Leo nakuletea historia ya namna watu walivyojifunza kupata jina sahihi la ugonjwa kwa kusoma vinasaba, yaani DNA. Sehemu kubwa ya historia hii imetokea hapa Afrika Mashariki, kwenye mihogo na mahindi, mazao ambayo sisi wa Kibaigwa tunayala na kuyauza. Soma mpaka mwisho, maana mwishoni kuna mambo ya kufanya msimu huu.

Usambara na Amani: dalili zinajulikana, chanzo bado

Mwaka 1894, wakati wa Wajerumani, mtaalamu aitwaye Warburg aliandika kuhusu mihogo ya Usambara ambayo majani yake yalikuwa yamejikunja na kupoteza umbo. Hiyo ndiyo taarifa ya kwanza kuandikwa ya ugonjwa ambao sisi tunauita batobato. Kwa hiyo ugonjwa huu, ambao leo unasumbua sehemu kubwa ya Afrika, uliingia kwenye maandishi kutokea katika milima yetu ya Tanga.

Miaka ya 1930, watafiti wa kituo cha Amani, huko huko Usambara, waliuchunguza zaidi. Aliyekuwa akiongoza kazi ya magonjwa ya virusi aliitwa H. H. Storey. Mwaka 1936 Storey alieleza ugonjwa wa pili, ambao leo tunauita michirizi kahawia. Huu ni mwerevu kuliko batobato. Mmea unaweza kuonekana mzima kwa juu, lakini ukichimba na kukata muhogo unakuta madoa makavu ya kahawia. Mkulima anajua amepoteza siku ya kuvuna, akiwa ameshapoteza mwaka mzima.

Storey na wenzake walijuaje kwamba ni virusi? Hawakuwa na chombo cha kuvisoma. Walibebesha kijiti cha mmea mgonjwa kwenye mmea mzima, wakasubiri, wakaona ugonjwa umehamia. Walitumia macho, subira na shamba la majaribio. Kwa njia hiyo hiyo walizalisha mihogo yenye ukinzani kwa kuichavusha na jamaa yake wa msituni, mti wa mpira aina ya Ceara. Mbegu za Amani zilifika hadi Nigeria, na kutokana nazo zikazalishwa aina nyingi zinazohimili batobato.

Kazi yao ilikuwa kubwa, lakini ilikuwa na mpaka wake. Macho yanaona dalili tu. Virusi viwili tofauti vinaweza kuleta dalili moja, na kirusi kimoja kinaweza kujificha bila dalili. Ili kuvitofautisha ilibidi kusoma kilichoandikwa ndani yake.

Herufi nne tu

Kila kiumbe hai, kuanzia mhindi hadi kiwavi, kina maandishi ndani yake yanayoelekeza namna ya kukijenga. Maandishi hayo ni DNA, na herufi zake ni nne tu: A, C, G na T. Fikiria uzi mrefu wa shanga za rangi nne. Mpangilio wa shanga ndio unaofanya huyu awe muhogo na yule awe mtama. Mpangilio wote wa kiumbe kimoja, kuanzia shanga ya kwanza hadi ya mwisho, unaitwa jenomu. Ukiweza kuusoma unajua kwa hakika uko na nani.

Mwaka 1977, Frederick Sanger wa Uingereza na wenzake walichapisha jenomu nzima ya kirusi kidogo kinachoshambulia bakteria. Ilikuwa na herufi 5,386. Mwaka huo huo alitoa njia iliyotumika dunia nzima kwa miaka mingi. Njia yenyewe ni hii: unanakili DNA mara nyingi sana, na kila nakala unaifanya ikome kwenye herufi fulani. Unapata vipande vya kila urefu. Ukivipanga kuanzia kifupi hadi kirefu na kuangalia herufi ya mwisho ya kila kimoja, unasoma uzi wote herufi kwa herufi.

Mihogo haikusubiri muda mrefu. Mwaka 1983, Stanley na Gay wa Uingereza walichapisha jenomu ya kirusi cha batobato kilichotoka Kenya. Kilikuwa na nyuzi mbili za DNA, moja ya herufi 2,779 na nyingine 2,724. Hesabu mwenyewe: tangu Warburg aandike mwaka 1894 hadi herufi kusomwa ni miaka 89. Michirizi kahawia ilichukua muda nayo. Kirusi chake kimeandikwa kwa RNA, ndugu wa DNA, na mara nyingi ili kisomwe inabidi kwanza kinakiliwe kuwa DNA. Jenomu yake nzima, yenye herufi kama 9,000, ilichapishwa mwaka 2009 na kundi lililoongozwa na Mtanzania, Deusdedith Mbanzibwa. Kutoka 1936 ni miaka 73.

Kusoma peke yake hakutoshi. Herufi elfu tano bila cha kuzilinganisha nacho ni kama namba ya gari bila daftari la usajili. Ndiyo maana mwaka 1982 Marekani walianzisha GenBank, ghala la wazi ambamo watafiti wa dunia nzima huweka herufi walizosoma. Ukisoma kirusi kipya, kompyuta inakilinganisha na vilivyomo ghalani na kukuambia kinafanana na kipi na kwa asilimia ngapi. Hapo ndipo jina linapopatikana.

Uganda: dalili zilezile, kirusi kipya

Faida ya kusoma ilionekana wazi kwa jirani zetu. Mwishoni mwa miaka ya 1980, batobato kali kupita kawaida ilianza kuangamiza mihogo ya Uganda. Ilisambaa mwaka hadi mwaka, watu wakaacha kulima mihogo katika maeneo mengi, na njaa ikafuata. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa imeshavuka na kuingia Kagera.

Kwa macho ilikuwa batobato ile ile ya siku zote, ila kali. Mwaka 1997 watafiti walichapisha herufi zake na jibu likaonekana. Virusi viwili vya batobato vilikuwa vimekutana ndani ya mmea mmoja na kubadilishana vipande. Kirusi kipya kilikuwa na sehemu ya huyu na sehemu ya yule, kama nguo iliyounganishwa vitambaa viwili. Hakuna jicho la mkulima wala la bwana shamba ambalo lingeweza kuona mshono huo.

Uganda wakasambaza aina za mihogo zinazohimili batobato, na mashamba yakarudi. Kisha mwaka 2004 michirizi kahawia ikaonekana, na ikazishika hata zile aina zilizohimili batobato. Funzo lake ni kwamba neno "inahimili" halimalizi sentensi. Lazima uulize, inahimili ugonjwa gani? Ukinunua pingili kwa sababu umeambiwa "hizi haziugui", hujaambiwa kitu.

Hapa kwetu, mwaka 2005 Joseph Ndunguru na wenzake walichapisha utafiti wa herufi za virusi vya batobato vilivyokusanywa Tanzania. Walikuta aina nyingi zinazotofautiana, kiasi cha kuonyesha kwamba Afrika Mashariki ni kitovu cha utofauti wa virusi hivyo. Kwa mkulima maana yake ni moja: kirusi cha shamba la jirani wa mbali kinaweza kuwa si kile cha shambani kwako. Ukileta pingili kutoka mkoa mwingine unaweza kuwakutanisha wawili ambao hawajawahi kukutana, na tumeona Uganda kilichotokea walipokutana.

Mahindi, 2011: jibu halikusubiri miaka 89

Sasa tuje kwenye zao linalotuweka mjini. Septemba 2011, mahindi ya Bomet nchini Kenya yalianza kufa kwa namna isiyozoeleka. Majani yalipata mabaka ya manjano, yakakauka kuanzia pembeni, moyo wa mmea ukafa, na magunzi yakabaki na punje chache au bila punje kabisa. Mkulima wa kawaida angesema ni ukame, au mbolea haikutosha.

Kufikia wakati huo teknolojia ilikuwa imebadilika. Tangu mwaka 2005 kulikuwa na mashine mpya zinazosoma vipande vingi vya DNA kwa pamoja badala ya kimoja kimoja. Fikiria umechana nakala mia za kitabu kimoja kuwa vipande vidogo, ukavichanganya. Mashine inasoma vipande vyote, kisha kompyuta inatafuta vinavyopishana maneno na kuviunganisha hadi kitabu kinasomeka tena. Uzuri wake ni kwamba huna haja ya kubashiri mapema unatafuta ugonjwa gani. Unasoma kila kilichomo kwenye jani, kisha unaangalia ni nani asiyetakiwa kuwamo.

Sampuli za Kenya zilisomwa kwa njia hiyo katika maabara ya Fera, York, Uingereza. Ndani ya mhindi walikuta virusi viwili pamoja. Kimoja ni kile kinachofupishwa MCMV, na cha pili ni SCMV, kirusi cha batobato ya miwa. Kila kimoja peke yake kinadhoofisha mmea. Vikikutana vinaua. Ugonjwa huo unaitwa MLN, na haukuwa mgeni duniani, kwani ulishaonekana Kansas, Marekani, mwaka 1976. Ugeni wake ulikuwa Afrika. Herufi za MCMV ya Afrika Mashariki zilifanana sana na zile za China. Kufanana huko hakusemi ulipita njia gani hadi kufika, lakini kunaonyesha kwamba kirusi kilisafiri. Mwaka 2012 ugonjwa ulikuwa umeshafika Tanzania.

Hasara haikuwa ndogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba Kenya ilikuwa ikipoteza kama tani nusu milioni za mahindi kwa mwaka, yaani asilimia 22 ya mavuno yake ya kawaida. Lakini kwa sababu jina lilijulikana mapema, ushauri nao ulijulikana mapema: usipande mahindi juu ya mahindi, usitumie mbegu isiyojulikana ilikotoka, ng'oa inayougua. Mwaka 2013 Kenya walifungua kituo Naivasha cha kupima aina za mahindi dhidi ya ugonjwa huo, na aina zenye uvumilivu zikaanza kupatikana.

Mashine chini ya mti

Tatizo lililobaki ni umbali. Sampuli ikitoka kijijini hadi maabara ya ng'ambo, majibu yangeweza kuchukua hadi miezi sita. Kwa msimu wetu wa mvua moja, miezi sita ni msimu umekwisha na mwingine unanukia.

Ndipo ikaja mashine ndogo iitwayo MinION, yenye uzito usiozidi gramu 100, inayochomekwa kwenye kompyuta. Ndani yake kuna vitundu vidogo mno. Uzi wa DNA unapita kwenye kitundu huku umeme kidogo ukipita hapo hapo. Herufi zinazopita zinabadilisha umeme kwa namna yake, na kompyuta inatafsiri mabadiliko hayo kuwa A, C, G au T papo hapo.

Joseph Ndunguru wa Tanzania, Titus Alicai wa Uganda, Elijah Ateka wa Kenya, Laura Boykin aliyekuwa Australia, na wenzao wengi waliitumia mashine hiyo kwenye mihogo. Kwanza walishusha muda wa majibu hadi saa 48. Kisha wakaibeba hadi shambani, shamba moja Tanzania, moja Uganda na moja Kenya, wakitumia betri bila umeme wa gridi. Walisoma majani, mashina, mihogo yenyewe na wadudu. Katika ripoti waliyochapisha mwaka 2019, tangu kufika shambani hadi kupata majibu ya awali ya virusi vya batobato hazikutimia saa 3.

Miaka 89, kisha miezi, kisha saa 3. Hiyo ndiyo historia yote kwa kifupi.

Mashine haifanyi haya

Nisikudanganye kwamba mashine imemaliza kazi. Kwanza, haitibu. Inatoa jina tu. Pili, inasoma kilichoingia kwenye sampuli. Wewe unayenunua kwa magunia pale sokoni unajua kazi ya bambo. Ukichoma gunia moja tu kati ya hamsini, hujajua shehena. Na jani ni hivyo hivyo. Michirizi kahawia haikai sawasawa mmea mzima, na jani moja lililochumwa vibaya linaweza kuleta jibu la "hakuna" wakati ugonjwa upo. Tatu, mashine hizi hukosea herufi moja moja, ndiyo maana eneo moja husomwa mara nyingi kabla jibu halijaaminika. Na nne, mashine haiko ofisi ya kata. Safari ya sampuli inaanza na wewe.

Kwa hiyo, hapa Kibaigwa ufanye nini?

1. Ukiona dalili usizozijua, usikimbilie dukani. Piga picha ya mmea mzima, ya jani, na ya shamba. Angalia kama ugonjwa uko mmoja mmoja, kwenye kona moja, au shamba zima. Mwite afisa ugani wa kata yako.

2. Sampuli ikihitajika, chuma kwenye mimea kadhaa, yenye dalili na isiyo na dalili, kila moja peke yake. Kwa muhogo chukua majani ya juu na ya chini pia. Weka kwenye gazeti au bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki, kwa sababu jani litavunda. Andika kijiji, tarehe, aina ya mbegu na ulikoipata. Kupitia halmashauri inaweza kufika vituo vya TARI au mamlaka ya afya ya mimea, TPHPA.

3. Pingili za mihogo chukua kwenye shamba ulilolikagua wakati wa kuvuna. Kata mihogo ya shina unalotaka kuchukua. Ukikuta madoa ya kahawia ndani, shina hilo si mbegu, hata kama majani yanapendeza.

4. Usipande mahindi pale pale kila msimu. Badilisha na alizeti, karanga au kunde. Kiangazi chetu kirefu kinatusaidia kukata mzunguko wa MLN, ila anayemwagilia mahindi ya kuchoma mwaka mzima anauwekea ugonjwa daraja la kuvukia.

5. Wewe mfanyabiashara, nafaka ni nafaka. Usiuze mahindi ya sokoni kama mbegu, hata mteja akikubembeleza Novemba. Magunia ya hapa yanatoka wilaya na mikoa mingi, na kirusi cha MCMV kinaweza kusafiri ndani ya punje, japo kwa kiwango kidogo. Punje moja mgonjwa ikiota katikati ya shamba lenye wadudu wa kueneza, hiyo moja inatosha kuanza. Mwelekeze mteja kwenye mbegu yenye lebo ya TOSCI.

6. Ukiuziwa aina yoyote "inayohimili magonjwa", uliza: magonjwa gani? Muuzaji asipoweza kutaja jina, weka pesa yako mfukoni.

Storey wa Amani alikuwa na kijiti cha kubebesha na miezi ya kusubiri. Watafiti wetu leo wana mashine ya gramu 100. Lakini katika zama zote mbili hakuna aliyeweza kuanza kabla mtu wa shambani hajaona jani, akasimama, na kusema hili si la kawaida. Mtu huyo ni wewe. Ukiliona jani la namna hiyo, nipigie mapema, kabla hujanunua dawa.